Uliona Mwenyewe, au Uliambiwa?

Askari polisi anapoandika maelezo ya shahidi kituoni, humwuliza: "Uliona mwenyewe, au uliambiwa?" Swali hilo ndilo msingi wa elimu ya historia. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kutenganisha vyanzo vya aina mbili. Chanzo cha kwanza ni kitu kilichotokana na tukio lenyewe, au na mtu aliyekuwapo: barua, hati, picha, nishani, masimulizi ya aliyeshuhudia. Chanzo cha pili ni maelezo ya mtu aliyekuja baadaye, akakusanya na kupima habari za wengine.

Tuchukue mfano unaozihusu jamaa za wanajeshi. Mwaka 1944 askari wa King's African Rifles, wakiwamo wa kikosi cha 4 cha Uganda, walipigana na Wajapani nchini Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw katika mvua na matope, ikaufikia mji wa Kalewa mwezi wa Desemba. Kitabu cha shule kinachoeleza hayo ni chanzo cha pili. Cheti cha kuachishwa jeshi alichopewa askari aliyerudi ni chanzo cha kwanza.

Hata hivyo, mpaka huo hauchorwi kwa rula. Jenerali William Slim, aliyeongoza Jeshi la 14 huko Burma, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1956. Kuhusu amri alizozitoa yeye, kitabu hicho ni ushahidi wa mwenyewe, ingawa aliuandika baada ya miaka kadhaa. Kuhusu namna askari wa kawaida alivyolala matopeni, jenerali naye alisimuliwa. Waruhiu Itote wa Kenya, aliyekuwa askari katika vita hivyo kabla ya kuitwa Jenerali China, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1967. Yeye alitazama vita kutoka safu za chini. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kukipa chanzo jina, jiulize: swali langu ni lipi, na mwandishi huyu alikuwa wapi?

Wala tusidhani kuwa chanzo cha kwanza hakisemi uongo. Karani aliyejaza cheti aliweza kukosea jina au kukadiria umri. Shahidi naye huweza kujisifu au kusahau. Ndiyo maana hati hulinganishwa na hati nyingine, kama ushahidi unavyolinganishwa mahakamani.

Jirani yetu mmoja, mke wa askari, alikuwa akifunga mizigo ya uhamisho. Katika sanduku la bati la babu wa mumewe mlikuwamo cheti, nishani, na picha ya vijana sita waliovaa kofia pana, majina yao yakiwa yameandikwa nyuma kwa kalamu ya risasi. Mumewe alitaka karatasi hizo zichomwe, kwa kuwa mzee alikwisha kufariki na habari za vita zimo vitabuni. Nikasema, "Mama, kitabu huchapishwa tena. Majina haya sita yakiungua, nani atayaandika upya?" Mumewe alisikia, akalifunga sanduku, likapakiwa pamoja na vyombo.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Vitabu vingi vya vita hivyo viliandikwa na maofisa, si na askari waliobeba mizigo na bunduki. Karatasi za nyumbani zikipotea, watoto wetu watasoma habari za babu zao kwa macho ya wakubwa wao peke yake.

Kwa hiyo, hati ziwekwe mahali pakavu, mbali na mchwa. Kwenye karatasi ya pembeni yaandikwe majina ya walio pichani, mahali, na mwaka kama unajulikana. Mzee aliye hai aulizwe, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka, pamoja na tarehe ya mazungumzo. Na anayeandika aliyoyasikia kwa babu aseme wazi kwamba aliambiwa, ili msomaji wa kesho ajue kuyapima.