Mwenye ruhusa ya kuonja hana ulimi

Haya jamani, nimerudi. Najua nimeadimika, na wale mlionitumia ujumbe kuuliza kulikoni, asanteni sana. Sikuwa safarini wala sikuhamia gazeti jingine. Nilikuwa jikoni.

Usicheke. Mimi ambaye miaka yote chai ndiyo ilikuwa mwisho wa ujuzi wangu, sasa najua uji wa ulezi unataka kukorogwa upande gani. Mwalimu wangu ni mama, na leo nataka niwasimulie habari ya ulimi wake.

Wanaomfahamu mama wanajua kwamba alikuwa mama ntilie kwa miaka 16, jirani na gereji moja pale Temeke. Ada yangu ya uandishi wa habari imetoka kwenye sufuria la maharage ya nazi. Mama hapimi chumvi kwa kijiko. Anachota mchuzi kidogo kwa mwiko, anaudondoshea kiganjani, anaulamba, anafumba jicho moja. Jicho likifunguka jibu limeshapatikana. Mafundi gereji walikuwa wanasema chakula chake hakijawahi kukosea, na mafundi gereji, mnawajua, hawana tabia ya kusifia.

Mwaka 2024 akagundulika ana saratani ya titi. Machozi, vikao vya ukoo, operesheni, hayo familia nyingi mmeyapitia na leo sitayarudia. Septemba akaanza dawa za dripu pale Ocean Road, kila baada ya siku 21, mara nane. Nne za mwanzo wenzake kwenye foleni waliziita "nyekundu", maana dawa yenyewe inafanana na juisi ya rozela, na ukitoka pale hata mkojo unabadilika rangi.

Nywele tulikuwa tumejiandaa nazo. Dada alimnyoa kabla hazijaanza kupukutika, akamnunulia vilemba vitatu. Kutapika tulijiandaa nako, dawa za kuzuia tulipewa. Ulimi hatukuuwazia. Siyo kwamba hatukuambiwa. Siku ya kwanza muuguzi alitueleza kwamba ladha inaweza kubadilika na hamu ya kula ikapungua. Nilikuwepo, kidaftari changu cha kazini kiko mfukoni, na sikuandika hata neno moja. Naona aibu kulisema hili lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya dripu ya pili dada akampikia wali wa nazi na mchuzi wa nguru, chakula ambacho mama akikiona anaanza kuimba. Akala tonge moja, akaweka mkono pembeni. "Nani kapikia sufuria lenye kutu?" Sufuria lilikuwa jipya. Tukampa maji, akasema na maji yana kutu. Alituambia ni kama amelaza sarafu ya shilingi mia chini ya ulimi na haitoki. Nyama ya ng'ombe ndiyo ilikuwa mbaya kuliko vyote. Ugali ulikuwa udongo. Tukipita na bajaji maeneo ya Feri, soko ambalo zamani alikuwa anawahi alfajiri kuchagua samaki, alijiziba pua na mtandio mpaka tuvuke.

Sasa hapa ndipo penye kosa langu. Mwandishi asipoelewa jambo anauliza. Mimi niligeuka askari magereza. Nilihesabu matonge. Nilinunua mzani nikamsimamisha juu yake kila Jumapili: kilo 68, 65, 62. Kadiri namba ilivyoshuka ndivyo sahani nilivyozidi kuijaza. "Mama, tonge tatu tu." "Mama, kwa ajili yetu." Siku moja ikanitoka kauli ambayo mpaka leo naijutia: "Mama, usipokula maana yake unataka kutuacha." Akala. Alikula huku machozi yanamtoka, na nusu saa baadaye vyote vikarudi.

Ndugu nao hawakuwa mbali. Shangazi alipiga simu kutoka Tanga akakataza sukari, eti inalisha saratani. Mama mdogo akakataza nyama na maziwa. Jirani akaleta chupa ya mizizi, chungu kama shubiri. Wote wanampenda, hilo silitilii shaka. Lakini ukitoa sukari, nyama na maziwa, ukaongeza mizizi, mgonjwa asiye na hamu unambakizia nini?

Halafu nikakuta bakuli uvunguni mwa kitanda, limefungwa kwenye kanga. Wali wa juzi. Kumbe alikuwa anasubiri nitoke, anaficha, na mpwa wangu anapewa kazi ya kwenda kuwamwagia kuku wa jirani. Nilipandisha. Mama alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema taratibu: "Baba, unafikiri nakufanyia kusudi? Natamani kula kuliko wewe unavyotamani nile. Kikishafika mdomoni siyo chakula tena."

Sikuwa na jibu. Kliniki iliyofuata nikatoa kidaftari nikauliza kama ninavyouliza kazini.

Nilichoelezwa ni hiki. Dawa hizi zinawinda seli zinazozaliana kwa kasi, maana saratani ndivyo ilivyo. Bahati mbaya haziwezi kutofautisha vizuri. Mizizi ya nywele inazaliana kwa kasi, ngozi laini ya mdomo na utumbo pia, na hata seli za ulimi zinazotambua ladha, ambazo kwa kawaida hudumu siku kumi hivi kisha mpya zinachukua nafasi. Zikipigwa kila wiki tatu, hazipati muda wa kujijenga. Pua nayo inavurugika, na sehemu kubwa ya tunachoita ladha ni harufu. Juu ya hapo dawa nyingine zinaacha uchungu wa chuma mdomoni. Kwa hiyo ile sarafu haikuwa deko. Ilikuwepo.

Na sukari je? Kila seli ya mwili inatumia sukari, nzima na mbovu. Kumnyima mgonjwa anayepungua uzito hakuui uvimbe, kunammaliza yeye. Mwenye kisukari huyo ana utaratibu wake na daktari wake. Mizizi tuliambiwa tuiweke pembeni kwanza, kwa sababu dawa mbili zinaweza kugombana mwilini na ini ndilo linaloumia.

Yaliyotusaidia nyumbani nayaweka hapa, huenda kuna mtu yuko pale nilipokuwa mimi:

Moja, tuliacha milo mitatu mikubwa. Chakula kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, kwenye kisahani cha chai. Sahani kubwa ilikuwa inamshibisha kwa macho.

Mbili, tulivizia saa nzuri. Kwa mama ilikuwa asubuhi. Basi kizito tukakihamishia asubuhi, jioni tukaacha kugombana.

Tatu, kusukutua kabla ya kula. Lita moja ya maji, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha baking soda. Anasukutua, anatema. Inapunguza ule utando.

Nne, kijiko cha bati kikapumzika, ukaingia cha mti na cha plastiki. Vya kushika kwa mkono vikawa vingi zaidi: viazi vitamu, maandazi, yai la kuchemsha.

Tano, chakula kipoe. Cha moto kinatoa harufu. Mtindi wa baridi, parachichi, tikiti, uji uliopoa, hivyo alivipokea. Kupika nako tukahamishia uani.

Sita, uchachu. Ndimu kwenye samaki, ukwaju kwenye maharage, embe bichi lenye chumvi. Hivyo vilipenya kwenye kutu. Ila wiki alizokuwa na vidonda mdomoni tuliacha kabisa, maana ndimu kwenye kidonda ni adhabu. Na embe tulinunua zima tukaosha na kumenya nyumbani, siyo yale yaliyokatwa barabarani, kwa sababu kinga ya mwili inakuwa chini.

Saba, nyama ikikataa siyo mwisho wa dunia. Mayai yaliyoiva vizuri, kuku, kunde, karanga za kusaga ndani ya uji pamoja na maziwa yaliyochemshwa. Kikombe kimoja cha uji wa namna hiyo kina kazi kuliko sahani ya wali aliyoikodolea macho.

Na kuna mambo siyo ya jikoni. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, kutapika siku nzima, kushindwa kumeza hata maji, utando mweupe mdomoni, uzito unaoporomoka: hapo usianze kutafuta ndimu, nenda hospitali.

Je, alinenepa? Hapana. Alishuka mpaka 57, kisha akasimama. Tulisherehekea kusimama.

Dripu ya mwisho ilikuwa mwanzoni mwa Februari 2025. Mwanzoni mwa Machi Ramadhani ikaingia, na mama akatangaza kwamba futari atapika yeye. Kufunga hakuweza, mgonjwa ana ruhusa yake. Lakini kukaa kitandani huku watu wengine wanaharibu magimbi yake, hilo alilikataa.

Basi siku ya kwanza yuko uani na mbuzi yake ya nazi, mimi pembeni namenya mihogo. Tui likachemka. Mama akachota kwa mwiko, akadondoshea kiganjani, akalamba, akafumba jicho. Jicho halikufunguka haraka. Lilipofunguka akaniangalia kama mtu aliyesahau jina lake. "Sisikii kitu," akasema. "Onja wewe."

"Mama, nimefunga."

Akamwita dada. Dada naye kafunga. Wapo mashehe wanaosema mpishi anaweza kugusisha kwenye ncha ya ulimi akatema, lakini dada hakutaka kujaribu, na mimi nilijua nikigusisha nitameza. Tukatazamana watatu. Katika nyumba nzima mwenye ruhusa ya kuonja hana ulimi, na wenye ulimi wamefunga. Mama ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu Septemba.

Kazi akapewa mpwa wangu wa miaka sita, yuleyule mlisha kuku. Mwezi mzima alisimama pembeni ya jiko na kiganja wazi kama mkaguzi wa serikali. "Bibi, bado." "Bibi, weka kidogo." Mama anaweka. Na nikaona kitu ambacho mzani wangu haukunionyesha kamwe: akishinda jikoni, hata kama hasikii ladha, jioni anakula nasi. Kidogo, lakini anakula. Sikuhesabu matonge.

Mwishoni mwa Machi, siku za mwisho za mfungo, maharage ya nazi yako jikoni. Mpwa akaonja akatangaza, "Bibi, safi." Mama, nadhani ni mazoea tu, akadondoshea kiganjani akalamba. Jicho likafumba, likafunguka.

"Huyu mtoto ananidanganya. Chumvi imezidi."

Nikamuuliza, umesikia? Akalamba tena. "Imezidi. Lete kiazi tutumbukize humu."

Nilitoka nje nikajifanya nafuata kiazi.

Ndugu zangu, siyo kila kitu kimerudi. Waliambiana kule kliniki kwamba kwa wengi ladha hurejea ndani ya wiki au miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho, na waliopigwa mionzi kichwani au shingoni wanaweza kusubiri mwaka na zaidi, wengine mate hayarudi kama zamani. Mama na nyama ya ng'ombe mpaka leo hawajapatana. Kahawa ameihama. Na safari ya kliniki haijaisha.

Ninachotaka kuwaambia ninyi mnaouguza ni kidogo tu. Mgonjwa akikwambia chakula kina kutu, usiende kukagua sufuria. Mwamini. Muulize kina kutu namna gani, saa ngapi kinapungua, kipi kina afadhali. Miezi mitatu niligombana na mama juu ya kitu kilichokuwa mdomoni mwake, mahali ambapo shahidi ni yeye peke yake. Kwenye habari ningeitwa mzembe.

Haya, nawaacha. Kanituma ndimu, ngoja niwahi kabla genge halijafungwa. Wikiendi njema.