Kushuka Rondo kwa Herufi L

Aliyezoea pwani ya Lindi, yenye minazi na fukuto la bahari, huona ajabu kwamba ndani ya mkoa huohuo kuna mahali ambapo watu huamka wamejifunika mablanketi. Hapo ni Rondo, uwanda ulioinuka hadi karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, kaskazini ya bonde la mto Lukuledi.

Tulitoka Lindi baada ya sala ya Alfajiri, watu wazima watatu na watoto wanne, katika gari letu la otomatiki lililotoka Japani likiwa limekwisha kutumika, kama yalivyo mengi katika nchi yetu. Tulikwenda kumjulia hali bibi yetu mzaa mama, aliyekuwa mgonjwa kwa wiki kadhaa. Tukapita Mnazi Mmoja, tukapita Mtama, kisha tukaiacha barabara kuu na kuanza kupanda.

Kupanda kwenyewe kulitupa dalili ambayo hatukuijali. Mkono wa gia ulikuwa kwenye D, na gari likawa linabadilisha gia bila kutulia: linapanda ya tatu, linazidiwa, linarudi ya pili, linajaribu tena. Kila badiliko lilikuja na mshtuko mdogo, na mshale wa joto ukasogea kidogo. Sisi tulikuwa tumeshughulika na mandhari. Watoto walileta takbira kila tulipopanda, kama walivyofundishwa madrasa, na mmoja wao akawa mkali kwa nduguye aliyesahau.

Juu kuna hewa nyingine kabisa. Msitu wa Rondo ulisifika kwa mivule yake, na wakati wa ukoloni wa Kiingereza magogo makubwa yalikatwa huko na kupasuliwa mbao. Leo ipo pia misaji na misonobari ya kupandwa. Katika msitu wa asili yumo komba mdogo aliyepewa jina la Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia mfano wa brashi ya kuoshea chupa. Watoto walikesha dirishani kumngoja, hakutokea. Bibi tulimkuta anaketi mwenyewe na anakula uji. Alhamdulillah.

Yaliyotufanya tuandike makala hii yalitupata siku ya pili, wakati wa kurudi. Mkono wa gia ulikuwa kwenye D kama kawaida, na mguu ukakaa juu ya breki tangu kona ya kwanza. Baada ya muda ikaingia harufu kali ya kuungua. Tukadhani kuna watu wanachoma mkaa. Kona mbili mbele, breki ikazama chini ya mguu kuliko ilivyozoea, na gari halikupungua mwendo kama tulivyotaka. Sauti za watoto zikakatika zenyewe. Kwa rehema za Mwenyezi Mungu palikuwa na kipande kilicholala kidogo. Tukavuta breki ya mkono taratibu, gari likasimama ubavuni mwa barabara. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanafuka moshi.

Mmoja wetu alikwishafungua dumu la maji ayamwagie, mzee aliyekuwa akipita kwa miguu akamzuia. Diski yenye moto mkali ikimwagiwa maji baridi hupinda au kupasuka. Tulimwamkia, akaitikia, akatuambia kuwa ujanani alikuwa utingo na baadaye dereva wa malori ya magogo katika mlima huohuo.

"Wajukuu zangu, ninyi mmeshuka kwa breki tupu," alisema.

Tukajitetea kwamba gari ni la otomatiki, linajichagulia gia lenyewe.

"Linachagua kwa mwendo lililo nao na kwa mguu wako. Kona iliyo mbele linaiona?"

Tulikaa hapo karibu saa nzima, na hatuoni kuwa muda ule ulipotea. Alichotueleza mzee kila mwenye gari la aina hii anaweza kukikuta katika kitabu chake. Chini ya D zipo alama nyingine, aghalabu 2 na L. Mengine yana B, au M yenye alama za kujumlisha na kutoa. Hizo hulizuia gari lisipande gia nyepesi, hivyo katika mteremko injini yenyewe hulishika gari, na breki hubaki kwa ajili ya kona na dharura. Breki ikibanwa mfululizo hupata moto hadi pedi zinapoteza mshiko, na mafuta ya breki yanaweza kuchemka. Yakichemka, mguu unakanyaga mapovu.

Gia hiyo huwekwa kabla mteremko haujaanza, gari likiwa polepole. Kuitia ghafla kwenye mwendo mkali, hasa katika udongo uliolowa, kunaweza kutelezesha magurudumu. Injini itanguruma, ngurumo hiyo isimtishe mtu, maadamu mshale haujafika eneo jekundu. Wapo wanaoweka N, au "frii", ili kubana mafuta. Ni hesabu mbovu, kwani injini nyingi za siku hizi hukata mafuta zenyewe gari linaposhuka katika gia na mguu haupo kwenye mafuta. Wanaozima injini wanajinyima pia msaada wa breki na usukani. Na wakati wa kupanda, namba 2, au kitufe cha O/D kikizimwa, kingelituliza lile gari letu lililohangaika na kuyaepusha mafuta ya gia na joto.

Mzee alikataa kupewa lifti, kwa kuwa yeye alikuwa anapanda. Alipeleka mkono kwenye gurudumu, akaukaribisha bila kuligusa, akatikisa kichwa kuonyesha limepoa. Tukajaribu breki papo hapo, ikashika juu kama zamani. Tukavuta mkono wa gia hadi L.

Injini ililia njia nzima na mwendo wetu ulikuwa kama wa baiskeli. Bodaboda mbili zilitupita, abiria mmoja akageuka kututazama kwa huruma. Kiti cha nyuma watoto walikuwa wameanza tena, safari hii kwa tasbihi, maana sasa tulikuwa tunateremka. Adhuhuri ilitukuta Mtama.