Mwaka Ziwa Lilipotufikia Mlangoni

Kila mwaka, Aprili hadi Julai, uvuvi wa omena hufungwa upande wetu wa Ziwa Victoria ili samaki wapate kuzaana. Sisi tunaoishi kwa omena hapa Kisumu tunaijua miezi hiyo. Tunaiwekea akiba mapema, na tukikwama tunakopa kwenye chama. Mwaka 2020 akiba yangu haikuiona hata Aprili. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, wanangu wawili wakarudi kutoka bweni na masanduku yao. Mwezi haujaisha, ikaja kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Omena huvuliwa usiku, kwa taa, tena usiku wa giza. Ukifunga usiku, umefunga omena.

Mimi ni mjane. Baba watoto tulimzika Seme wakiwa bado shule ya msingi. Mwaka huo kijana wangu alikuwa na miaka 17, yuko Kidato cha Tatu, na dada yake miaka 15, Kidato cha Pili.

Kisha ziwa likapanda. Mvua ilikuwa imenyesha miezi na miezi, na kufikia Mei maji yalikuwa yamepita hata kimo cha 1964, ambacho wazee wa ziwani hukitaja mpaka leo. Nyumba tuliyopanga karibu na bichi ya Dunga iliingiwa na maji taratibu. Kwanza uani, kisha mlangoni, mwisho chini ya kitanda. Tulibeba magodoro kichwani tukahamia chumba kimoja Obunga.

Chumba kimoja na vijana wawili waliobaleghe. Nilifunga kamba ya katani kutoka dirishani hadi msumari wa mlango, nikaning'iniza shuka. Kijana upande huu, mimi na binti upande ule. Shuka haizuii sauti. Kila mmoja alimsikia mwenzake akigeuka, akikohoa, akilia. Mchana tulikaa na redio tukisubiri vipindi vya masomo. Binti aliandika alichoweza kukiwahi, na kaka yake akatoka nje kabla kipindi hakijafika nusu.

Obunga ilinipa kazi. Viwanda vya samaki vya Kisumu hutoa minofu ya mbuta kwa ajili ya kuuzwa nje ya nchi, na kinachobaki, yaani kichwa, uti na mkia, huja kwetu. Tunakiita mgongo wazi. Unaukaanga kwenye karai la mafuta yanayochemka hadi mbavu ziwe kahawia na vinyama vilivyosalia vikauke, kisha unaupanga mezani kando ya njia. Moshi huo huingia kwenye nywele na hautoki kwa sabuni. Faida ilitosha unga na sukuma wiki. Kodi haikutosha.

Hapo ndipo nilipoona nini humpata kijana nyumba inapoyumba. Nimesikia wazazi wengi wakisema watoto wa siku hizi hawana adabu, simu zimewaharibu. Sikubaliani nao. Mtoto wa miaka 15 anakiona chungu kinapopungua. Huna haja ya kumwambia kwamba pesa hakuna. Asichokijua ni kiasi cha shida na mwisho wake, na usipomweleza wewe, atatokea mtu wa kumweleza kwa faida yake.

Kwa binti yangu mtu huyo alitokea mapema. Siku moja nilikuta kwenye mkoba wake pakiti ya pedi ambayo sikuinunua. Sheria ya 2017 inaitaka serikali iwape bure wasichana wa shule za umma pedi, lakini pedi hizo hugawiwa shuleni, na shule zilikuwa zimefungwa. Nilimuuliza bila kupaza sauti. Akaniambia amepewa na mwenye mtumbwi mmoja, mtu mwenye wake na watoto, aliyesema anamwonea huruma.

Mama yeyote anayenunua samaki ufuoni anaijua huruma ya namna hiyo. Huku tunaiita jaboya: mvuvi anakupa samaki, nawe unamlipa kwa mwili. Akina mama wa ufuo wa Nduru, kule Kano, walianza mwaka 2011 kumiliki mitumbwi yao wenyewe ili waepukane nayo, na mafuriko yaleyale ya 2020 yakawafukuza ufuoni kwao. Sikumpiga binti yangu, wala sikumwita majina. Nilichukua akina mama wawili wa chama, tukaenda hadi kwa yule mwanamume, nikamhesabia mkononi bei ya pakiti ile, watu wakiona. Nikamwambia hatumdai na hatudaiwi. Hakurudi tena.

Wiki hiyohiyo kijana aliingia alfajiri akinuka ziwa. Alikuwa ametoka kabla ya kafyu, akalala majini akivuta nyavu za mbuta. Akaweka noti mezani, shilingi 300. Akasema, "Mama, shule basi. Mimi ndiye mwanamume wa nyumba hii sasa."

Nikamjibu, "Mwanamume wa nyumba hii amelala Seme. Wewe ni mtoto wa nyumba hii. Kaa chini, nyathina, mwanangu."

Nilitoa daftari langu la biashara, nikamwita dada yake, nikawasomea yote. Kodi ya miezi miwili. Deni la chama. Mafuta, kuni, faida ya kila siku. Karo waliyodaiwa wote wawili kabla ya Machi. Binti aliangua kilio tulipofika kwenye karo. Kaka yake alininyang'anya kalamu akajumlisha upya, akidhani nimekosea. Nikafungua ukurasa mpya wa matumizi ya wiki, na mstari wa kwanza, juu ya unga, nikaandika pedi. Niliutamka kwa sauti mbele ya kaka yake. Aliinamisha macho, lakini alisikia, na tangu siku hiyo hata yeye alitumwa dukani kuzileta.

Zile 300 sikuzikataa. Niliziandika kwenye safu ya madeni: mama anadaiwa na mwanawe. Kila alichokileta kiliandikwa hapo. Ziwani aliendelea kwenda, kwa sharti moja, kwamba shule zikifunguliwa anarudi. Tuligombana sana juu ya sharti hilo. Kuna jioni hakunisemesha kabisa, akala akiwa amegeukia ukuta. Nilimwachia ukimya wake, lakini sharti sikulilegeza.

Shule zilifunguliwa tarehe 4 Januari 2021. Alirudi. Bado nashukuru Mungu kwa asubuhi ile, maana wapo wenzake aliovua nao ambao hawakurudi, na wapo wasichana wa mtaani kwetu walioingia mwaka huo wakiwa wameshika watoto.

Kufunguliwa hakukuwa mwisho. Ili kufidia muda uliopotea, serikali ilibana kalenda, mihula ikawa mifupi, karo ikawa inadaiwa kabla hujapumua. Kijana alifanya mtihani wa KCSE Machi 2022, dada yake mwishoni mwa mwaka huohuo. Ada za vidato viwili vya mwisho zilinipata karibu kwa pamoja. Nilikaanga mgongo wazi, nikarudi kwenye omena, nikauza cherehani ya marehemu mama yangu. Walimaliza wote wawili.

Leo binti anasomea uuguzi. Kijana anatengeneza injini za mitumbwi, na alipotaka kununua spana zake za kwanza alinijia kudai deni lake. Alitaka pesa zote kwa mpigo. Nikamwambia afungue daftari aangalie mwezi huo tumeingiza nini. Akafungua, akasoma kurasa mbili tatu, akakubali nimlipe kwa awamu mbili.