HAWARI NI NANI?



Ndugu zangu katika imani, hapa Karatu tunaishi na majirani Wakristo, na neno lao "wanafunzi wa Yesu" tumelizoea. Qur'ani inawaita Hawariyyun. Katika Suuratu Aal Imran na As-Saff, Nabii Isa (a.s.) hakuuliza nani anataka kusoma. Aliuliza nani watamsaidia kwa ajili ya Allah, nao wakaitika. Wapo wanazuoni waliosema asili ya neno ni weupe, wengine kwamba walikuwa wafua nguo. Mimi naona kule kuitika ndiko kunakowaeleza zaidi.

Mtume wetu ﷺ naye alimtaja hawari wake: Zubayr bin Awwam (r.a.), mtoto wa shangazi yake Safiyya. Si kwa ujamaa (Abu Lahab alikuwa ami yake, na mwisho wake mnaujua). Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume ﷺ aliuliza nani atamletea habari za maadui. Zubayr akasema, mimi. Akauliza mara ya pili na ya tatu, akaitika Zubayr yuleyule.

Juzi juzi, darsani baada ya Isha, niliuliza nani atapanda Ngorongoro kila Jumamosi kuwasomesha watoto wa Kiislamu walioko huko. Baridi ya kule mnaijua. Watu wa darsa wa miaka mingi wakainamia mkeka. Akainuka kijana mmoja dereva wa watalii, Juzuu Amma hajaimaliza: "Sheikh, mimi nitakwenda. Nipeni juzuu za watoto."

Ameshakwenda Jumamosi tatu. Msimu wa wageni ukianza hatapata nafasi, anahitaji wa kupokezana naye. Aliye tayari aniandikie.