Swichi za Kibodi na Haki ya Aliyelala

Binti yangu mkubwa hupiga chapa nyumbani. Huandika tasnifu za wanafunzi na barua za mawakili, na aghalabu huanza baada ya Isha, watoto wakishalala, akaendelea hadi saa sita. Hivi karibuni aliniomba nimchagulie kibodi ya swichi, kwa kuwa ile ya kompyuta yake imeanza kumtesa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Nilikubali kwa furaha, maana khutba zangu nami huziandika juu ya kibodi ya namna hiyo. Mama yake alitusikiliza, kisha akaweka sharti moja: "Chagueni mpendacho, lakini mjukuu wangu asiamke."

Kibodi ya kawaida huwa na mpira uliotandazwa chini ya vibonye vyote. Ya swichi ina kijisanduku chini ya kila kibonye, na ndani yake mna springi na shina la plastiki lipandalo na kushuka. Muundo ulioenea zaidi ni wa kampuni ya Cherry ya Ujerumani, ambayo hutambulisha swichi zake kwa rangi. Nyekundu hushuka moja kwa moja, bila kizuizi, kwa nguvu ya takriban gramu 45. Kahawia ina kigongo kidogo njiani, ambacho kidole hukihisi. Buluu ina kigongo na mlio pia, mfano wa kalamu ya kubofya, na yataka hadi gramu 60.

Binti yangu aliipenda buluu, na hoja yake haikuwa dhaifu. Mpiga chapa hatazami vidole, hutazama karatasi; mlio humjulisha kwamba herufi imeshika. Lakini mlio ule hautokani na ukali wa mpigaji. Umetengenezwa ndani ya swichi, hata ukipiga kwa upole italia. Katika chumba ambamo mtoto amelala hatua nne kutoka mezani, sikuona njia ya kuiruhusu.

Amepokea Imam Muslim kutoka kwa Miqdad, Allah amridhie, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa akiingia usiku alitoa salamu kwa namna isiyomwamsha aliyelala na iliyomfikia aliye macho. Ikiwa salamu, ambayo ni dua, imepimwa hivyo, basi vipi kuhusu plastiki? Na kazi ya binti yangu ni riziki ya halali, nayo ina haki yake. Sikutaka aambiwe aache kuandika usiku, kwani mchana wake si wake.

Wauzaji husema nyekundu ni ya kimya. Si kweli kamili. Haina mlio wake yenyewe, lakini kibonye kikigonga chini husikika, na kikirudi juu husikika tena. Kibonye hushuka milimita 4, na herufi huandikwa kikifika milimita 2; anayejizoesha kutofika chini hupunguza kelele na hupumzisha vidole. Ila mtu mwenye barua ya wakili itakiwayo asubuhi hakumbuki milimita. Ndiyo maana zipo nyekundu za aina nyingine, ambazo shina lake limewekwa vipande laini vya kupokea kishindo. Vidole huziona nzito kidogo wa hisia, kama kukanyaga mchanga wenye maji, lakini ukuta wa pili hausikii kitu.

Ama kile kidole, sababu yake niliiona nilipomtazama akiandika. Mpangilio huu wa herufi ulizaliwa Marekani katika karne ya 19 kwa taipureta za Kiingereza, nao umeiweka a chini ya kidole kilicho dhaifu kuliko vyote. Kiswahili chetu kimejaa a. Neno "wanaandamana" lina herufi 12, na sita kati yake ni a. Nikiandika Kiarabu sichoki hivyo, kwa sababu alifu na lamu zimekaa katikati, chini ya vidole vya shahada. Kwa hiyo gramu 60 kwa mwandishi wa Kiswahili ni mzigo, na nyepesi kupita kiasi nayo ni balaa, maana kidole kikitulia tu herufi hujiandika. Tukabaki kwenye 45. Hata hivyo nilimwambia swichi si dawa, na maumivu yakiendelea amwone daktari.

Mkienda kununua, ulizeni jina la swichi na gramu zake, msitosheke na rangi, kwani viwanda vya Uchina kama Gateron na Kailh navyo hutengeneza kwa muundo huo, na uzito waweza kutofautiana. Ulizeni pia kama swichi huchomoka bila kulehemu. Kibodi ya aina hiyo hugharimu zaidi, lakini a ikichakaa utaibadilisha peke yake.

Kilichobaki kutusumbua ni kile kibonye kirefu cha nafasi, ambacho waya wake wa chini hutikisika. Tone la grisi lilikituliza. Meza nayo, ambayo ni ya mbao na ina uvungu mtupu, ilikuwa ikivuma kama ngoma, na mama yake ndiye aliyekata kipande cha zulia kuukuu akakitandika chini ya kibodi.