Njia ya Kilifi na Mita ya Baiskeli



Barabara ya Mombasa kwenda Kilifi twaijua sote kupitia dirisha la matatu. Aiendeaye kwa baiskeli huijua upya. Avukapo daraja la Nyali baada ya sala ya Alfajiri, huwakuta wachuuzi wa Kongowea wakiteremsha mizigo. Bamburi na Shanzu hupita jua lingali changa. Kisha yaja hori ya Mtwapa, na ng'ambo yake magofu ya Jumba la Mtwana, yenye msikiti wa kale uliojengwa kando ya bahari. Mbele ni Kikambala, mashamba ya katani ya Vipingo, njia panda ya Takaungu, na mwishowe Mnarani na daraja la Kilifi. Jumla ni kilomita zikaribiazo 60.

Wengi katika mitaa yetu wameanza kupanda baiskeli ukubwani, baadhi yao kwa nasaha ya daktari. Nao hutuuliza: je, ile mita ndogo ifungwayo kwenye usukani ina haja, na ya bei gani yatosha?

Twaona kuwa ina haja, na sababu yake ni upepo. Wakati wa kusi, aendaye Kilifi husukumwa mgongoni. Miguu ni myepesi, naye hudhani nguvu zote ni zake. Ageukapo kurudi, upepo ule ule humkabili kifuani, na jua limeshapanda. Hapo ndipo mtu wa makamo huishiwa maji na nguvu kati ya Vipingo na Kikambala, huku malori yakimpita ubavuni. Mita humwambia mapema amekwenda kiasi gani, naye akageuka angali na akiba. Msimu wa kaskazi mambo hugeuka: kwenda ndiko kuzito.

Kwa anayeanza, mita ya waya yatosha. Sumaku ndogo hufungwa kwenye spoki ya gurudumu la mbele, na kihisio kwenye uma. Kila sumaku ipitapo, mita huhesabu mzunguko mmoja. Hutoa mwendo, umbali, muda na wastani, na betri yake ndogo mfano wa sarafu hudumu miezi mingi. Aibu yake ni waya, ambao ukining'inia hunaswa na kukatika. Basi fundi aufunge vyema.

Zile zisizo na waya hupendeza macho, lakini kihisio nacho huhitaji betri yake, na zilizo rahisi mno huweza kuvurugwa na mawimbi ya vyombo vingine. Zinazotumia setalaiti hazihitaji sumaku na huhifadhi ramani ya safari, ila bei yake ni ya juu na sharti zichajiwe. Simu nayo yaweza kufanya kazi hiyo kwa programu ya bure; lakini simu iliyowekwa wazi juani hupata joto, betri huisha upesi, na mwizi huiona. Na huenda ikazimika saa ile ile unayotaka kupiga nyumbani.

Yoyote utakayoichagua, chumvi ya pwani haichagui. Ifute kwa kitambaa kikavu kila urudipo, na utazame vyuma inapopachikwa visishike kutu.

Jambo kubwa kuliko bei ni kipimo cha gurudumu, kwani mita ya sumaku hujua tu uliyoiambia. Tia alama ya chokaa kwenye tairi na chini sakafuni, keti juu ya baiskeli huku mwenzio akikushika, isukumwe mizunguko 3 kwa mstari ulionyooka, kisha ugawe urefu kwa 3. Ikiwa mzunguko wa kweli ni milimita 2,050 nawe ukaandika 2,150, safari ya kilomita 60 itasomeka karibu 63. Ajengaye hesabu ya maji na nguvu zake juu ya nambari hiyo hujihadaa mwenyewe.

Wametuuliza pia kuhusu kupunguza sala. Kinachotazamwa ni umbali wa mahali ukusudiapo kufika, wala si jumla ya kwenda na kurudi. Mwenye kuzunguka Nyali na Bamburi mpaka mita isome 90 hajawa msafiri. Na Kilifi, kwa kipimo cha madhehebu yetu ya Shafii kinachopita kilomita 80, haijafika.

Basi nunua iliyo rahisi, usiile haki ya chakula cha watoto kwa ajili ya kioo cha rangi. Itazame mahali palipo wazi na salama, si unapopitwa na lori. Safari ya kwanza iwe Mtwapa na kurudi, Kilifi haihami.