Gatsby na Bonde la Majivu

Akina mama wenzetu, katika kikundi chetu cha kusoma hapa kanisani tumemaliza riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald, The Great Gatsby, iliyotoka mwaka 1925. Tuliulizwa, wanawake wenye watoto na kazi za zamu tunatafuta nini katika kitabu cha karamu na ulevi? Tumekuta humo mambo yanayotuhusu sana sisi tunaolea.

Habari yenyewe ni ya majira ya joto ya 1922, karibu na jiji la New York. Jay Gatsby ni tajiri kijana anayejaza nyumba yake wageni asiowajua. Shabaha yake ni Daisy, aliyempenda zamani alipokuwa askari asiye na kitu. Daisy ameolewa na Tom Buchanan, mtu wa mali ya kurithi, ambaye siku moja kabla ya harusi alimpa mkufu wa lulu wa dola 350,000!

Palipotugusa zaidi ni mwishoni, baba yake Gatsby anapotoa kitabu cha utotoni cha mwanawe. Humo kijana aliandika mwaka 1906 ratiba yake: kuamka saa 12 asubuhi, mazoezi, masomo, kazi; tena aweke akiba kila wiki na kuwatendea wazazi vizuri zaidi. Nani kati yetu asingejivunia mtoto huyo? Nchi yake ilimwambia ajitahidi, atafika. Lakini ratiba haikumtajirisha mtoto huyu wa wakulima maskini wa North Dakota. Kilichomtajirisha ni pombe ya magendo, maana tangu 1920 hadi 1933 sheria ya Marekani ilikataza kutengeneza na kuuza pombe. Na hata alipopata mali, kwa akina Buchanan alibaki mtu wa kuja. Wao hawakuhitaji ratiba.

Halafu liko bonde la majivu, kati ya majumba yale na jiji. Huko anaishi George Wilson, mwenye gereji, na mkewe Myrtle, ambaye Tom amemfanya hawara. Sisi wauguzi bonde hilo si geni kwetu. Mtu huletwa wodini ameumia kwa starehe ya mwingine, na huyo mwingine haji hata kumjulia hali. Daisy, akiendesha gari la Gatsby, anamgonga Myrtle na kumwua, wala hasimami. Wilson anadhani ni Gatsby. Anampiga risasi, kisha anajiua. Tom na Daisy wanafunga mizigo na kuondoka. Mazishini wanafika baba mzazi, jirani anayesimulia habari hii, watumishi, mtu wa posta na mgeni mmoja tu wa zile karamu.

Juu ya Daisy tulibishana hadi giza likaingia. Wengine walimwonea huruma, kwa kuwa mumewe si mwaminifu, na wanawake wa tabaka lake walifundishwa kupendeza tu. Ni kweli. Lakini anaye binti mdogo, ambaye yaya anamleta sebuleni ili wageni wamtazame, kisha anaondolewa. Huyo mtoto tulimzungumza kuliko Gatsby mwenyewe. Tuliulizana, katika nyumba ile, ni nani atakayemwambia kwamba Myrtle naye alikuwa mtu?